Studio ndogo Ufipa: Programu ni bure, fedha iende kwenye chumba na umeme

MFANYABIASHARA wa Sumbawanga anayetaka tangazo la duka lake lisikike redioni, au kwenye gari la matangazo linalozunguka mitaani, hana njia nyingi. Anaweza kurekodi kwa simu na kuvumilia mvumo wa upepo. Anaweza kumtafuta kijana mwenye kompyuta amfanyie haraka haraka. La sivyo, kazi inapelekwa Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma, na fedha ya tangazo inabaki huko.

Barabara ya lami kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilomita 223 hivi na iliyojengwa chini ya mkataba wa MCC wa mwaka 2008 kati ya Marekani na Tanzania, ndiyo iliyorahisisha kuingiza bidhaa mkoani Rukwa. Barabara hiyo hiyo imerahisisha mteja kwenda kutafuta huduma nje ya mkoa. Kwa mwekezaji mdogo mwenye mtaji wa wastani, pengo hilo ni biashara: studio ndogo ya kurekodi sauti.

Swali ambalo mtu huuliza kwanza ni bei ya programu ya kompyuta ya kufanyia kazi hiyo. Programu ndiyo sehemu pekee ya mtaji huu inayoweza kuwa sifuri, tena kihalali. Gharama zipo, ila ziko kwingine, yaani kwenye chumba, maikrofoni, umeme na muda wa mtu kujifunza.

Mapato ya msimu, deni la kila mwezi

Uchumi wa Ufipa hufuata mvua. Nyanda hizi zenye mwinuko wa takriban mita 1,800 hupata mvua kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi, maharage, alizeti, ulezi na ngano huvunwa baada ya hapo, na fedha huanza kuonekana mikononi magunia yanapouzwa, iwe kwa walanguzi wanaofika na malori au kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Harusi, uzinduzi wa nyimbo za kwaya na matangazo ya maduka hufuata fedha hizo. Januari na Februari watu wako mashambani wakipalilia, na mfuko ni mwepesi.

Programu za kulipia hazijui msimu. Adobe Audition, inayotumiwa na vituo vingi vya redio duniani, hulipiwa kwa mwezi, zaidi ya dola 20 kwa anayelipa mwezi mmoja mmoja. Januari inadai sawa na Agosti. Kwa mwaka mzima hizo ni dola 240 kwa uchache. Studio yenye wateja wa uhakika kwa miezi minane tu inabidi itoe dola 30 katika kila mwezi wa kazi, na malipo yenyewe yanahitaji kadi inayokubaliwa nje ya nchi. Shilingi ikishuka, deni linapanda bila mteja hata mmoja kuongezeka.

Historia ya programu hiyo inafaa kujulikana na mtu yeyote anayeweka fedha katika biashara ya sauti. Zamani iliitwa Cool Edit Pro, ikitengenezwa na kampuni ndogo ya Marekani, Syntrillium, na watangazaji wa miaka ile wanaikumbuka vizuri. Mwaka 2003 Adobe iliinunua kwa dola milioni 16.5, ikabadilisha jina na baadaye utaratibu wa kuuza. Waliokuwa wamejenga kazi zao juu ya Cool Edit hawakuulizwa.

Huria si sawa na bure

Neno "huria" wafanyabiashara wanalifahamu tangu siku za soko huria. Katika kompyuta, programu huria ni ile ambayo mwenye nayo anaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuinakili, kumpa au kumuuzia mwingine, na kufungua maandishi yake ya ndani ili kuyabadilisha. Leseni inayotawala programu nyingi za namna hiyo ni GPL, iliyoanzishwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1989. Bei kuwa sifuri ni matokeo ya haki hizo, si sharti lake.

Jambo moja hapa huwapita wengi. Mwenye duka la kompyuta mjini Sumbawanga anaruhusiwa kisheria kuweka programu huria kwenye flashi na kutoza ada ya kuiingiza kwenye kompyuta ya mteja, alimradi anaheshimu leseni, ikiwa ni pamoja na mteja kuweza kupata maandishi ya ndani. Akifanya hivyo kwa programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, anavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo inalinda programu za kompyuta pia. Tena programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi, na virusi havichagui kati ya faili la kwaya na la hesabu za duka.

Tanzania si mgeni katika mambo haya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Leseni ilikuwa imekwisha kuruhusu, hivyo hapakuwa na haja ya kupiga hodi kwa mwenye kampuni ng'ambo.

Kinga ya leseni ilionekana pia katika Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti inayojulikana kuliko zote za huria. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2000. Mwaka 2021 ilichukuliwa na Muse Group. Sera mpya ya taarifa za watumiaji ilipotangazwa mwaka huo huo, kelele zilikuwa nyingi, sera ikaandikwa upya, na baadhi ya watu wakachukua maandishi yale yale wakaanzisha toleo lao wenyewe. Kwa Cool Edit mwaka 2003 njia hiyo haikuwepo. Mwenye studio ndogo hatatengeneza toleo lake, lakini faida ni kwamba nakala aliyonayo leo haiwezi kufungwa kwa sababu kampuni imebadili mawazo.

Kazi ipi, programu ipi

Anayeanza aanze na Audacity. Faili lake la kuingiza halifiki MB 100, hivyo bando dogo linatosha, na inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa tangazo la sekunde 30, mahojiano, mahubiri au hadithi, haihitaji msaada wa programu nyingine. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2022, mtumiaji anaweza kuongeza au kuondoa vionjo vya sauti huku akisikiliza, bila kuharibu rekodi ya asili. Kabla ya hapo aliyekosea alilazimika kurudi nyuma hatua kwa hatua, na wengi waliikimbia kwa sababu hiyo.

Kwaya ni kazi nyingine. Sauti ya kwanza hadi ya nne zikirekodiwa kwa zamu, pamoja na kinanda na ngoma, mikondo inafika kumi na zaidi, na kila mmoja unahitaji kupandishwa na kushushwa peke yake. Hapo Ardour, iliyoanzishwa na Paul Davis, ndiyo yenye nguvu. Maandishi yake ni huria. Anayepakua toleo lililo tayari kwenye tovuti ya watengenezaji huombwa mchango, lakini kwenye Linux hupatikana bila malipo pamoja na mfumo wenyewe. Ardour ni ngumu. Mtu asiahidi albamu ya kwaya wiki ya kwanza.

Vijana wa muziki wa kizazi kipya hukimbilia LMMS kwa sababu ya kutengeneza midundo, na kwa kazi hiyo inafaa. Tatizo hugunduliwa mwimbaji akiwa tayari mbele ya maikrofoni: toleo la 1.2 la LMMS halirekodi sauti kutoka nje. Mdundo utatoka LMMS kama faili, sauti ya mtu itarekodiwa Audacity au Ardour.

Laptopu iliyotumika inatosha kwa kuanzia, na hapa kuna habari kwa wanaonunua mitumba ya kompyuta. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine hizo bado nzima kwa kazi ya sauti zikiwekewa Linux. Ubuntu Studio, iliyoanza mwaka 2007, huja na Audacity, Ardour na nyinginezo ndani yake. Faili lake ni kubwa, zaidi ya GB 4, hivyo ni nafuu mtu mmoja apakue na wenzake wanakili. Leseni inaruhusu.

Bati, upepo na mablanketi

Fedha iliyookolewa kwenye programu inapaswa kwenda kwenye chumba, na kwa Ufipa chumba ndicho kitu cha kwanza. Kuanzia Novemba, mvua ikipiga bati hakuna programu duniani itakayotenganisha sauti ya mtu na kelele hiyo. Juni na Julai ni baridi na upepo, na bati lililolegea hulia. Dari ni lazima. Hata dari ya kawaida, juu yake yakitandazwa magunia ya pumba au makapi makavu, hupunguza sana. Wasiwasi wa panya na moto upo, kwa hiyo nyaya za umeme zisipite hapo.

Kuta za saruji hurudisha sauti kama kisimani. Mablanketi mazito ni dawa ya bei nafuu, na kwa bahati Sumbawanga ni mji wa baridi, blanketi halikosekani dukani. Yatundikwe umbali wa kiganja kutoka ukutani, si kubandikwa. Stoo iliyojaa magunia ya mahindi na maharage, kichekesho hicho, ni mahali pazuri kurekodi kuliko ukumbi wa mikutano, maana magunia humeza mwangwi. Mwenye stoo asishangae akiombwa nusu saa.

Maikrofoni zinazofaa chumba kisicho kamili ni zile za kushika mkononi zinazotumiwa jukwaani, ambazo husikia kilicho karibu na kupuuza kilicho mbali. Msemaji akae umbali wa vidole vinne hivi, pembeni kidogo ili herufi "p" na "b" zisipige. Zile nyepesi za studio zinazohitaji umeme wa volti 48 husikia kila kitu, pamoja na jogoo wa jirani. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966 na bado inauzwa, ni mfano wa aina ya kwanza. Marekani bei yake ni karibu dola 100. Kwa sababu inapendwa imeigwa mno, na kampuni yenyewe imekuwa ikitahadharisha kuhusu bandia. Anayeletewa "SM58 orijino" kwa bei ya chakula cha mchana ajue anachonunua. Maikrofoni nyingine halali ya bei ya chini ni afadhali kuliko jina kubwa la kughushi.

Kwa kuunganisha na kompyuta inatakiwa kadi ya sauti ya nje ya USB. Achaguliwe muuzaji anayekubali kuijaribu dukani kwenye laptopu ya mteja. Isipotambuliwa bila kuingiza programu ya ziada, irudishwe pale pale. Hedifoni zilizofunika sikio zinafuata. Spika kubwa zinaweza kusubiri mavuno ya mwaka ujao.

Umeme

Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa kwenye gridi ya taifa; ilipata umeme ulionunuliwa Zambia, ukiingia kutoka upande wa Mbala, na jenereta za dizeli. Wenye mashine za kusaga na wauza samaki wa barafu wanajua maana ya umeme kuyumba. Katika sauti madhara ni mawili. Kazi ya saa nzima hupotea ikiwa haijahifadhiwa, na mvumo wa umeme huingia kwenye rekodi kupitia chaja mbovu. Kwa sababu hiyo laptopu ni bora kuliko kompyuta ya mezani: rekodi ifanywe kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa, kisha uhariri ufanywe umeme ukiwepo. Laptopu iliyotumika isinunuliwe bila kupima betri yake kwa muda, saa mkononi. Betri iliyokufa huliwa na bei ya mpya.

Kuhifadhi nako kuna hesabu zake. Sauti isiyobanwa ya kiwango cha CD, yenye pande mbili, hula takriban MB 10 kwa dakika, yaani karibu MB 635 kwa saa. Ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja inakuwa kama MB 1. MP3 yenyewe ilikuwa na hataza hadi mwaka 2017. Siku hizi haina ada. Mteja apewe MP3 kwa simu yake, lakini studio ibaki na faili kubwa la asili kwenye diski mbili tofauti, moja ikilala nyumba nyingine. Kwaya itarudi baada ya miaka miwili ikitaka wimbo mmoja urekebishwe, na studio iliyotunza faili ndiyo itakayolipwa.

Nani atanunua

Soko la karibu zaidi halina uzuri wa video za muziki. Ni mchuuzi wa dawa ya panya mwenye kipaza sauti begani, anayeuchosha mdomo tangu asubuhi au anayecheza rekodi aliyoipata kwa mwenzake, yenye jina la mji mwingine. Ni gari la matangazo linalotangaza mkutano, mnada au bei ya mbolea. Ni duka la pembejeo linalotaka kusikika Laela, Matai na Namanyere siku ya gulio, kwa Kiswahili na pengine kwa Kifipa kidogo. Kazi hizi ni fupi na hurudiwa kila msimu.

Zina ufundi wake. Spika ya honi haitoi besi, hivyo sauti nzito hugeuka kuwa mngurumo. Audacity ina kichujio cha kukata sauti za chini. Kwa tangazo la gari kinaweza kukata chini ya hezi 300 na maneno yakatoka wazi. Muziki wa nyuma ushushwe kabisa. Mwanzoni mwa kila rekodi ziachwe sekunde tano za ukimya wa chumba, maana kifaa cha kupunguza kelele kinahitaji sampuli ya kelele yenyewe ili kijue cha kuondoa. Anayesahau sekunde hizo hujuta baadaye.

Kwaya za makanisa ni soko la pili, na ndilo lenye heshima. Ziko nyingi, na hupenda kurekodi baada ya mavuno. Liko pia soko ambalo halijaguswa: ngano na hadithi za wazee. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Roy Willis, alikusanya simulizi za Wafipa miaka ya 1960 na kuzichapisha katika kitabu mwaka 1978. Vijiji ni vile vile, na simu za kusikilizia zipo. Mapato yake hayatakuja haraka, na msimulizi lazima alipwe sehemu yake.

Kuhusu haki, makubaliano yawe ya maandishi: nani mtunzi, nani mwimbaji, nani anamiliki rekodi, nani ataiuza. Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) ndizo za kuuliziwa usajili. Wimbo maarufu uliopakuliwa mtandaoni usiwekwe chini ya tangazo la biashara bila kibali. Muziki wenye leseni za Creative Commons upo mwingi, lakini baadhi ya leseni hizo zinakataza matumizi ya biashara, na zisomwe kabla ya kazi kutoka.

Bei ya kazi isikadiriwe kwa kumtazama mteja usoni. Chukua mfano, usio bei ya soko: vifaa vyote vimegharimu Sh. 1,200,000 na vinatarajiwa kudumu miaka mitatu. Kwa miezi 12 ya mwaka, uchakavu ni kama Sh. 33,300 kwa mwezi. Lakini mwaka wa Ufipa una miezi minane ya kazi, hivyo hesabu sahihi ni Sh. 50,000 kwa mwezi wa kazi. Studio yenye kazi kumi kwa mwezi itoe kwanza Sh. 5,000 katika kila kazi kabla ya kodi ya chumba, umeme na ujira wa anayehariri. Tangazo la sekunde 30 linaweza kula nusu siku ya mtu kwa sababu mteja atabadili maneno, na marekebisho baada ya mara mbili yawe na bei yake.

Anayepeleka kazi redioni aulize kituo kwanza kinapokea faili la aina gani, WAV au MP3, na urefu kamili wa nafasi iliyolipiwa. Tangazo la sekunde 33 kwenye nafasi ya 30 hukatwa mwishoni, na mwishoni ndipo kwa kawaida huwekwa namba ya simu ya duka.